Honi ya Koboko

Siku hiyo Koboko ilifurika watu. Magari yalishindana kwenda Arua na kurudi kwa muda wa saa kumi na mbili, na lenye mizunguko mingi zaidi ndilo lingeshinda. Kila dereva aliyeingia kujaza petroli alimpigia honi msichana wake, naye akajifunika uso kwa furaha.

Datsun nyekundu ya Tahiru iliingia kimya.

Medina aliacha sinia lake la karanga. Alikuwa amevaa gauni la kijani na mtandio mpya, kwa ajili ya Tahiru. Akachungulia ndani. Pembeni ya Tahiru hakukaa rafiki yake Lado, kama alivyomwahidi Medina kwenye simu. Alikaa mwanamke, nywele zimejaa vumbi, daftari magotini. Wivu ulimwingia Medina.

"Lado amegeuka mwanamke?"

"Mpenzi, huyu ni mwalimu Pasca wa Manibe. Ananisomea kona za barabara tu, zimeandikwa daftarini."

"Saa kumi na mbili nzima? Wewe hapana iko na macho?"

Wajaza petroli wakaangua kicheko. Medina, ambaye hata bei ya karanga huinong'ona, hakuwajali.

Tahiru aliinamisha kichwa. "Macho iko. Kusoma ndiyo hapana. Nilikudanganya kwamba nilimaliza darasa la saba."

Kumbe ndiyo maana barua za Medina hazikujibiwa hata moja, ila kila Ijumaa aliitwa posta: simu kutoka Arua! Halafu akaelewa jambo baya zaidi.

"Barua zangu alikusomea nani?"

Tahiru akatazama usukani. Pasca akakohoa.

"Zote?"

"Zote, mdogo wangu. Ile ya mto uliolowa machozi niliirudia mara tatu. Yeye ndiye aliyeomba, wallahi si mimi!"

"Shuka, dada. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kona nitasoma. Na barua zangu pia."

Sheria ya mashindano iliruhusu kubadilisha msomaji wa kona hapo Koboko. Pasca akashuka akicheka, akalichukua sinia la karanga.

Medina aliingia garini, akafungua daftari pale Pasca alipoishia, akasoma polepole kwa kidole maneno ambayo Tahiru alimwandikisha mwalimu: "Koboko. Petroli. Medina yuko hapa. Usipige honi, ataona aibu."

Herufi zikamcheza machoni. Akanyoosha mkono mbele ya kifua cha Tahiru, akabonyeza honi, wala hakuiachia mpaka soko zima likageuka.

"Sasa kila mutu ameona," alisema. "Ijumaa usipige simu. Tuma wazee. Haya, kushoto!"