Mwangwi wa Amplifaya ya Makhanu

Ukimwuliza fundi Shikanga leo habari za amplifaya, atakwambia aliacha kazi hiyo zamani. Lakini mwaka 1996, mjini Kakamega, fundi wa zile kuukuu za valvu za kioo alikuwa amebaki yeye tu. Jumatano moja mchana, Alice akamletea ya mwanawe Makhanu, mpiga gitaa.

"Mwangwi umezidi, fundi. Makhanu alipendanga mrefu. Upunguze, tuipige Jumamosi tukimzika."

Kuzika nini sasa? Makhanu alikuwa amepotelea msituni Isecheno, miezi mitatu nyuma, akitafuta mti wa kuchonga gitaa. Wazee walikuwa wameamua lizikwe shina la mgomba badala yake, kama afanyiwavyo marehemu asiyepatikana. Ila sharti awe amekufa kweli; mgomba wa aliye hai humwua. Ole wao wakikosea!

Shikanga akafungua mgongo wa amplifaya, akabadilisha rezista moja, akazikaza springi mbili zinazorudisha mwangwi. Akagusa waya wa gitaa. Sauti ikaenda, ikarudi, ikafifia vizuri.

Kisha springi zikatikisika zenyewe.

"Mama."

Shikanga akazima swichi. Akachomoa plagi. Valvu zikawa giza.

"Mama, mbona mnanizika? Niko hai. Nimepotea tu."

Alice akaikumbatia amplifaya. "Mwanangu! Uko wapi?"

Springi zikatulia.

"Umemsikia, fundi," akanong'ona. "Twende ukawaambie wazee."

Lo, woga ni ugonjwa! Njia nzima Shikanga aliwaza: amplifaya inaongea bila umeme, mikononi mwake. Si ataitwa mchawi, achomewe nyumba na watoto ndani? Mbele ya wazee Alice akaeleza yote; Shikanga akainamisha kichwa.

"Mimi sikusikia kitu."

Alice hakumlaumu. Wazee wakamhurumia mama, wakasema ni uchungu wa mwana.

Jumamosi saa nane mchana, mgomba ukafukiwa. Saa kumi askari wa msitu akafika kwa baiskeli, anahema. Makhanu amepatikana chini ya mti. Amekufa, lakini mwili ungali moto.

Shikanga alikwenda na Alice kumchukua. Alilia njia nzima, maana alijua kosa ni lake. Kule msituni udongo ni mweusi. Mdomo wa Makhanu ulikuwa umejaa udongo mwekundu, wa shambani kwao.

Walipomfikisha nyumbani, mama yake akaanza kumwosha mdomo. Beseni la kwanza likachafuka, la pili, la tatu. Udongo ulikuwa ungali unatoka.