Sahani ya Nyuma ya Banda

Kila asubuhi kabla ya shule, Sunkeshri aliwanywesha nyati maji na kufagia ua wao hapo Tilaurakot, kijiji cha Nepali. Kazi hazikumchosha. Yeye ndiye aliyewachosha wengine kwa maswali. Mama alisema mtoto huyu angetaka kujua hata chumvi inakolea kwa nini.

Siku moja Mwalimu Bishnumaya alilipeleka darasa kwenye magofu ya mji wa kale, mpaka lango la mashariki. Aliwaeleza kuwa humo ndimo alimokulia Sidhartha, mwana wa mfalme. Baba yake aliamuru wazee na wagonjwa waondolewe barabarani, kijana asije akahuzunika. Hata hivyo kijana alitoka, akawaona, akaona na maiti. Basi akaacha raha zote, akatafuta kwa miaka chanzo cha mateso ya watu, hadi alipoketi chini ya mti na kuelewa. Tangu hapo akaitwa Budha, yaani aliyeamka.

"Mwalimu," Sunkeshri aliuliza, "wale wagonjwa walioondolewa walipelekwa wapi?"

"Huyu naye," Phulram alisema, na wenzake wakacheka. "Sisi tuko kwa mwana wa mfalme, yeye yuko kwa wagonjwa."

Mwalimu hakucheka. Alisema hadithi haiwataji tena.

Swali likamganda Sunkeshri. Jioni alimwona mama akipeleka sahani ya wali na dengu nyuma ya banda la nyati. Tangu lini nyati wakala dengu? Mama alipoondoka, akasukuma mlango wa kibanda cha huko. Ndani alikuwamo shangazi yake Lalmati, ambaye nyumba nzima ilisema yuko kazini mjini Butwal. Alikuwa amekonda sana.

"Usisogee, mwanangu, kaa hapo mlangoni," shangazi alisema huku akikohoa. "Wakwe watarajiwa wakijua ninakohoa damu, ndoa haipo. Baba yako anasema nitapona kimya kimya."

"Na usipopona?"

Shangazi alijifunika shuka usoni. Sunkeshri aliingiwa na hofu kubwa.

Wakati wa chakula hakugusa wali. "Baba," alisema, "mfalme aliwaficha wagonjwa ili mwanawe asiwaone. Sisi tunamficha shangazi asionwe na nani?"

Bibi alimkemea afunge mdomo. Baba alisukuma sahani yake kando, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake baba alimpakia dada yake kwenye baiskeli, akapita naye katikati ya kijiji hadi kituo cha afya. Kilikuwa kifua kikuu. Walipewa dawa bila malipo, za miezi sita bila kuruka hata siku moja. Nyumba nzima ilipimwa. Wakwe walinuna, kisha wakakubali kungoja.

Shangazi alipomaliza dawa na kuambiwa amepona, baba alimwita Sunkeshri.

"Nilidhani namlinda dada yangu," alisema. "Kumbe nilikuwa naulinda ugonjwa. Mgonjwa hafichwi, mwanangu, anapelekwa kutibiwa. Kwa kuogopa maneno ya watu, nusura nimzike. Wewe uliza tu, hata mimi nikinuna."