Fimbo ya Kukaa Nyuma

Kitendawili! Semeni "tega", wajukuu zangu, msinitazame tu. Changu unakiona wewe, chako nakiona mimi, wala hakuna mtu aliyewahi kukiona chake. Ni nini? Si jina, si kivuli. Haya, nipeni mji. Mmenipa Rumonge? Nimekwenda Rumonge, nimekula ndagala, dagaa wa ziwani, kwa ugali wa muhogo, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni kisogo. Lishikeni vizuri jibu hilo, maana Joëlla wa mtaa wa Mutakura alilijua tangu akiwa mdogo, na siku ya mlima halikumsaidia kitu.

Joëlla alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi aliteka maji bombani, akafagia uwanja, akamwogesha mdogo wake huku mtoto analia, akanywa uji amesimama, kisha mbio mpaka shuleni. Lakini Jumamosi ilikuwa siku yake. Jumamosi asubuhi Bujumbura nzima hukimbia: vijana, akina mama, hata wakubwa wa ofisi wenye vitambi, wote barabarani kwa vikundi, wanaimba na kupiga makofi. Kikundi cha watoto wa Mutakura kiliongozwa na Mwalimu Népomuscène, ambaye watoto walimwita Mwalimu Népo. Katika kikundi hicho hakuna aliyemshinda Joëlla. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na hata wavulana walikuwa wamezoea kuona kisogo chake tu.

Aliyekuja wa mwisho kila mara alikuwa Nsimire. Huyo alitoka Buterere, kule bondeni ambako mvua ikinyesha maji huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Mama yake alikuwa amekimbia vita vya Kivu, akawa anauza mboga za lengalenga sokoni. Nsimire alivaa viatu vya kaka yake, vimejazwa matambara vidoleni, na kila akikanyaga vililia kwata, kwata, kama bata.

"Njooni muone maajabu!" alikuwa akisema Carmen, rafiki wa Joëlla. "Mkimbizi asiyejua kukimbia!"

Wote hucheka. Joëlla hucheka kuliko wote. Nsimire naye hucheka kidogo, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba anayecheka pamoja na wanaomcheka huachwa mapema.

Basi ikafika Jumamosi ya mlima. Basi dogo liliwapandisha kwa barabara ya Bugarama, likipishana na wale vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi kama mishale. Juu kabisa, baridi ikawashika masikio. Mwalimu Népo akawasimamisha.

"Leo tunapita juu ya mgongo wa mlima mpaka kanisa la upande wa pili," alisema. "Mvua ikinyesha upande huu inakwenda Tanganyika, ikinyesha upande ule inakwenda Nile. Kwa hiyo mtu asichezee njia. Tukifika, nitataja wasichana wawili wa kwenda kwenye mashindano ya Gitega."

Moyo wa Joëlla ukaruka. Gitega! Alikuwa ameiota hiyo Gitega mpaka mama yake akamwamsha usingizini.

Kisha Mwalimu akatoa fimbo ndefu ya mchungaji, ile Warundi wanaiita inkoni. "Mchungaji hatembei mbele ya ng'ombe. Anatembea nyuma, apate kumwona anayechechemea. Mwenye fimbo hampiti mtu, wala hamwachi mtu. Akifika yeye, ndipo tumefika wote. Joëlla, shika."

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe."

"Yuu! Mchungaji wa konokono!" Carmen alinong'ona, na watoto wakajiziba vinywa kwa viganja.

Joëlla alishika fimbo kama mtu aliyepewa nyoka. Mwalimu akatangulia kwa kuwa ndiye aliyeijua njia, na Eddy, mdogo wa wote, akamfuata unyayo kwa unyayo kwa kuogopa ukungu. Wengine wakajipanga nyuma. Wakakimbia kando ya mashamba ya chai, wakapita misitu ya mikaratusi, wakapanda, wakashuka, wakapanda tena. Njia ilikuwa nyembamba, matope upande mmoja, korongo upande wa pili. Upepo wa juu huko hauna adabu; unaingia ndani ya shati na kukaa.

Mbele ya Joëlla alikuwa Nsimire peke yake. Kwata, kwata, kwata. Njia nzima Joëlla hakuona kingine ila kile kichwa kilichonyolewa, na kisogoni kovu dogo lililopinda kama mwezi mchanga. Alilichukia lile kovu. Mbele zaidi, ndani ya ukungu, alisikia wimbo unakwenda mbali, na aliyeuanzisha alikuwa Carmen. Wimbo wake! Carmen atafika wa kwanza, Carmen atakwenda Gitega, na yeye atafika na bata.

Walipofika kwenye jiwe kubwa panapogawanyika njia, Nsimire aliinama kufunga kamba za viatu. Joëlla akasimama juu yake.

"Nsimire, chukua fimbo. Mwalimu alisema kuanzia hapa ni zamu yako."

Nsimire aliinua uso. "Mi? Mwalimu alisema mi?"

"Kwani hutaki?"

"Nataka, dada!" Aliipokea kwa mikono miwili. Tangu aje Burundi hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi kitu kingine ila mzigo.

Hapo Joëlla angeweza kuishia. Lakini alijua kwamba Nsimire akifika mara tu baada yake, Mwalimu atauliza maswali. Akaongeza, na sauti yake ilikuwa tamu: "Eddy yuko nyuma, kaenda kujisaidia vichakani. Mngoje. Mwenye fimbo hamwachi mtu, umesikia?"

Nsimire, aliyekuwa ameinamia miguu yake tangu asubuhi, hakujua nani yuko mbele na nani yuko nyuma. "Nimesikia. Nimngoje mpaka lini?"

"Mpaka afike."

Kisha Joëlla akafungua mbio. Mabawa! Alimpita huyu, akampita yule, akaruka vijito, akampita Carmen kwenye mteremko wa mwisho bila hata kumtazama. Mvua ya mawe ilianza kuwapiga mabegani walipoliona kanisa. Alifika wa kwanza nyuma ya Mwalimu na Eddy, anahema, anacheka.

Mwalimu Népo hakucheka. "Fimbo iko wapi?"

"Nsimire alininyang'anya, Mwalimu. Alisema na yeye anaweza."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Mtoto wangu, ungemkatalia. Niliyempa fimbo nilikuwa nimekwisha kumchagua kwenda Gitega kabla hatujapanda basi. Sikuhitaji kukuona unakimbia. Nilitaka kukuona unangoja."

Maneno hayo yalimwingia Joëlla kama maji ya baridi. Ukweli ulimpanda kooni, ukafika kwenye meno. Carmen alikuwa anamtazama. Ukweli ukarudi ulikotoka.

Wakangoja chini ya upenu wa kanisa. Mvua ya mawe ikageuka mvua ya maji, nayo ikageuka ukungu. Walikuja wote mmoja mmoja, ila Nsimire. Mwishowe Mwalimu akasema, "Joëlla, wewe ndiye uliyemwona wa mwisho. Twende."

Kurudi juu ndiko kulikomwonyesha Joëlla mlima ni kitu gani. Matope yalimvuta viatu, na kila kona ilileta kona nyingine. Kwenye jiwe kubwa hapakuwa na mtu. Matopeni zilionekana nyayo za viatu vikubwa, na zote zilielekea nyuma, walikotoka asubuhi.

"Nsimireee!" Mwalimu aliita. Mlima ukalirudisha jina bila mwenyewe.

Aliyejibu ni mwanamke mmoja mkulima wa viazi, jina lake Caritas, aliyetokea ukunguni amejifunika gunia kichwani. "Mnatafuta msichana? Yuko kwangu. Nilisikia sauti inaita Eddy, Eddy, nikadhani mtu kapoteza mbuzi. Kumbe mtoto kaangukia mtaroni."

Ulikuwa mtaro mrefu, ule wakulima wanaouchimba kilimani ili mvua isiondoke na udongo. Katika ukungu Nsimire hakuuona. Walimkuta jikoni kwa Caritas, kando ya moto, midomo imekuwa rangi ya majivu, na mguu wake umeelekea upande ambao mguu wa mtu hauelekei.

"Fimbo tumeshindwa kumtoa mkononi," alisema Caritas. "Ukiigusa analia."

Nsimire alifungua macho. "Mwalimu, Eddy amefika? Nilimngoja. Alipokawia nikarudi kumtafuta."

"Eddy?" Mwalimu alishangaa. "Eddy alikuwa na mimi tangu asubuhi. Nani alikuambia Eddy yuko nyuma?"

Kuni zililia motoni. Nsimire alimtazama Joëlla, akamtazama sana, na Joëlla akatazama sufuria. Nsimire alikuwa ameishi Bujumbura muda wa kutosha kujua kwamba mgeni akimshitaki mwenyeji hupata maadui wawili mahali pa mmoja. Akafumba macho.

Wanaume wa kilimani walimlaza kwenye ingobyi, machela ya kusuka wanayowabebea wagonjwa, wakamshusha kwa zamu mabegani. Kila waliporuka jiwe alipiga kelele. Joëlla alitembea nyuma yao. Hakuna aliyemtuma kukaa nyuma.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilikusanyika Mutakura. Hakuna aliyeuliza hali ya Nsimire.

"Mkimbizi mwongo!" alisema Carmen. "Eti kamtafuta Eddy. Eddy wa ndotoni!"

"Eddyyy! Eddyyy!" wavulana wakaigiza, wakijigonga na kuanguka mitaroni, na watoto wakacheka mpaka machozi. Eddy mwenyewe alicheka, kwa kuwa jina lake halijawahi kuimbwa hivyo.

Mwalimu Népo aliwanyamazisha. Alionekana hakulala vizuri. Alisema kwamba mtoto anayenyang'anya fimbo, kisha anadai alikuwa akimtafuta mtu asiyepotea, siku moja atawaua wenzake mlimani. Nsimire hatakuwa tena wa kikundi. Na wa kwenda Gitega ni Carmen na Joëlla. Wakampigia Joëlla makofi. Nyumbani mama yake alimpikia wali, na ule wali ulimkaa mdomoni kama mchanga.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, Mwalimu aliwachukua wale wasichana wawili kwenda kumwamkua mgonjwa, kama ilivyo desturi, na sukari mkononi. Nyumba ya Buterere ilikuwa chumba kimoja, na ukutani mafuriko ya mwaka uliopita yalikuwa yamechora mstari wa matope juu ya magoti ya mtu mzima. Nsimire alikuwa amelala mkekani, mguu umefungwa plasta, uso ameuelekeza ukutani.

"Karibuni," alisema Mama Nsimire. Aliwapa kigoda na benchi, yeye akakaa chini. "Daktari anasema mguu utapona. Lakini kukimbia, asahau mwaka huu. Labda na kuchechemea kutabaki."

"Pole sana, mama," alisema Mwalimu.

"Nimepoa. Mwalimu, nasikia umemfukuza. Sitaki kugombana, hii ni nyumba yangu na ninyi ni wageni. Nitakuambia kitu kimoja tu. Siku tulipokimbia, nilikuwa na watoto watatu porini. Watu waliniambia, mama, tangulia, wewe una nguvu. Nikakataa. Nilikaa nyuma yao. Nsimire alipigwa na kipande cha jiwe kisogoni, damu inamwagika mgongoni, naye anatembea tu, hajui. Mi ndiye niliyeona, kwa kuwa nilikuwa nyuma. Ningetangulia, mtoto angekauka damu njiani na mimi nasonga mbele najisifu nina mwendo."

Aliinua kifuniko cha sufuria, akachungulia maharage, akafunika.

"Ndiyo maana niliposikia umewapa watoto ile fimbo nilifurahi. Nikasema, huyu mwalimu anajua. Mwenye nguvu akikimbilia mbele, jeraha la mwenzake litaonwa na nani? Na uongo ni vivyo hivyo, wanangu. Mtu anaubeba kisogoni, anadhani haupo kwa sababu yeye hauoni. Wenzake walio nyuma wanauona unavuja."

Mwalimu Népo alikuwa anatazama sakafu. Carmen alikuwa anakunjakunja pindo la gauni lake.

"Mtoto wangu hanyang'anyi," Mama Nsimire aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimemuuliza, hataki kusema. Anaogopa. Basi nawauliza ninyi mliokuwa mlimani. Nani alimwambia amngoje Eddy?"

Nje bata wa jirani walipita kwenye matope, kwata, kwata, kwata. Nsimire hakugeuka. Kutoka kwenye benchi Joëlla aliona kichwa chake kilichonyolewa, na kisogoni lile kovu lililopinda kama mwezi mchanga. Aliliona vizuri sasa, lilipoanzia na lilipoishia. Akafikiri juu ya Gitega. Akafikiri juu ya Carmen, Jumamosi atamwimbia nini. Kisha akasimama, na kwa miguu ile iliyowashinda wavulana wote wa Mutakura akapiga hatua moja mpaka kando ya mkeka.

"Mimi, mama," alisema Joëlla. "Ni mimi niliyemwambia."