Kadi Mbili Mfukoni

Jamani ndugu zangu, mnaonijua na msionijua, kisa hiki ningependa kuwa msikilizaji wake, si msimulizi. Lakini kimenipata mimi, na kwa ujinga wangu mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Maofisini wananiita Fundi Baridi, na kwa miaka mingi nilitembea na jina hilo kifua mbele. Siku hizi nikiitwa hivyo naangalia chini.

Nyumbani kwetu kulikuwa na amani. Asubuhi ya Jumatano moja tulikuwa mezani tunakunywa chai: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekuja kukaa nasi baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Tulimbandika jina la Polepole, maana chai yake ndiyo ya kwanza kumiminwa na ya mwisho kumalizika.

"Mjomba, hicho kikombe kina kisima ndani?" mwanangu akamtania.

"Kunyweni yenu mniache," akajibu. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Mara simu yangu ikalia. Alikuwa meneja wa jengo moja la ofisi ambalo nilikuwa na mkataba nalo. Kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano kinavuja, kesho wakurugenzi wanakutana pale, nifanye juu chini kitengenezwe leo leo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kujichimbia shimo. Msaidizi wangu alikuwa ameacha kazi wiki iliyotangulia. Jengo lile lina masharti: kila fundi wa nje lazima kwanza ahudhurie darasa la usalama la saa moja, aonyeshwe milango ya dharura na vizima moto, ndipo apewe kadi yenye picha yake. Darasa ni Jumatatu tu. Ningeweza kumwambia meneja asubiri. Ningeweza kumwomba fundi mwenzangu mwenye kadi yake anisaidie. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, nikaogopa kuonekana sina watu. Na kadi ya yule msaidizi, ambayo nilipaswa kuirudisha siku aliyoacha kazi, ilikuwa bado ndani ya gari langu.

"Shemeji," nikamwambia Polepole, "kiwandani si ulikuwa unachomelea? Twende ukanisaidie."

Njiani nikamvisha ile kadi. Akaitazama. "Huyu ana masharubu, na mimi sina hata unywele mmoja juu ya mdomo."

"Beba ngazi begani upande wa mlinzi. Nani atakuangalia?"

"Na hilo darasa je?"

"Darasa ni la watoto. Wewe mtu mzima, utafundishwa mlango ni upi?"

Nilisema hivyo, jamani. Kwa mdomo huu huu.

Getini alikuwepo dada mlinzi, ambaye nilizoeana naye miaka mitatu. Akaniona mimi, akaiona ngazi, akatabasamu. "Pita, Fundi Baridi. Wewe nakuamini." Kadi mbili zikagusa mashine, mashine ikalia mara mbili, tukaandikwa watu wawili.

Tukapanda ghorofa ya tatu, tukafungua dari. Bomba la shaba lilikuwa limepasuka, na kiungio nilichokuja nacho hakikuingia. Ilibidi nikanunue kingine. Sharti la jengo ni kwamba timu ikitoka, inatoka yote: haruhusiwi mtu kubaki darini peke yake, na moto wa kuchomelea hauwashwi bila kibali. Nikaona tutapoteza muda. Nikamwambia shemeji aendelee kuchomelea upande wa pili mpaka nirudi, na anipe kadi yake.

Ya nini kadi? Kwa sababu kadi yangu peke yake ikionekana imetoka, mlinzi angepanda juu kuuliza kwa nini mwenzangu amebaki. Basi pale getini nikazigusisha zote mbili.

"Mwenzako yuko wapi?" dada mlinzi akauliza.

"Amepitia huko nyuma, kwenye gari."

Akaandika: wametoka wawili, saa sita na dakika kumi.

Duka halikuwa mbali. Niliporudi na kiungio changu mkononi, king'ora kilikuwa kinalia na moshi mweusi unatoka madirisha ya ghorofa ya tatu. Wafanyakazi wote walikuwa wamejipanga kwenye maegesho, mahali palipochorwa alama ya kukusanyika. Dada mlinzi alikuwa ameshika daftari, anaita majina, watu wanaitika. Gari la zimamoto lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Akafika kwenye mstari wetu. "Mafundi wa kiyoyozi, wawili, walishatoka." Akainua macho akaniona. "Fundi Baridi, mwenzako yuko nje?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa jepesi, na jibu nilikuwa nalo. Kadi mbili zilikuwa mfukoni mwangu, mkono wangu umezishika. Meneja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nikauona mkataba, nikajiona nimefukuzwa mbele ya umati ule. Nikajidanganya kwamba shemeji ni mtu mzima, ana miguu, ameshuka kwa ngazi za nyuma na yuko mahali ananingoja.

"Yuko nje," nikasema.

Dada mlinzi akafunga daftari, akamwendea mkubwa wa zimamoto. "Watu wote wametoka. Jengo ni tupu." Basi wale watu hawakuharakisha kuingia. Wakaanza kupiga maji madirishani kwa nje. Nami nikasimama pale. Nilikuja kuhesabu baadaye: zilikuwa dakika sita.

Aliyenisemea ni mama anayepika chai ghorofa ya tatu. Alikuwa anaangaza macho katika umati, kisha akapaza sauti: "Jamani, kuna baba mmoja alikuwa darini. Nilimpa maji ya kunywa sasa hivi tu. Mbona simwoni hapa?"

Dada mlinzi akageuka kunitazama. Nikatoa kadi mbili mfukoni, nikamwonyesha. Aliponipa mgongo kukimbilia zimamoto, nilitamani ardhi inimeze.

Walimkuta ndani ya stoo ya mafaili, mwisho wa korido, amezimia chini ya rafu. Cheche ilikuwa imeshika sponji linalofunika bomba. Akateremka, moshi ukamzunguka, akapapasa ukuta mpaka mlango, akaufungua akidhani ndio wa kutokea. Mlango wa dharura ulikuwa upande wa pili, hatua chache tu. Huo ndio mlango wa kwanza kuonyeshwa kwenye lile darasa nililosema ni la watoto.

Hakufa, Mungu ni mkubwa. Lakini kifua chake kimeharibika, na madaktari wametuambia wazi kwamba hakitarudi kilivyokuwa.

Mngedhani aibu iliishia hapo. Hapana, niliiongeza. Siku ya tatu hospitalini, watu wa usalama walikuja kumhoji shemeji. Alikuwa anaongea kwa shida, maneno mawili kisha pumzi. Akawaambia, "Nilitoka, nikamwachia kadi. Nikarudi ndani mwenyewe. Shemeji hakujua." Akanitazama, akataka nifunike kombe mwanaharamu apite. Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Kwa sababu ya maelezo hayo, dada mlinzi alisimamishwa kazi kwa kumwachia mtu aingie bila kumwona. Na nyumbani, mke wangu alimkalia kaka yake kooni. Siku shemeji aliporuhusiwa kutoka hospitali, alimlaza kitandani, akamfunika shuka, kisha akaanza.

"Kaka, mwenzio alikutafutia riziki, wewe ukaenda kumharibia jina! Mtu mzima na akili zako unarudi kwenye moto? Wanao kule kijijini ungewaachia nani?"

Polepole aligeukia ukutani akaanza kukohoa. Nikaona mabega yake yanavyoruka, nikaona naye anatukanwa kwa kosa langu ndani ya nyumba yangu. Sikuweza tena.

"Mama watoto, mwache," nikasema. "Hakurudi ndani. Hakuwahi kutoka. Kadi yake nilikuwa nayo mimi. Niliulizwa yuko wapi, nikasema yuko nje."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akashika mguu wa kaka yake juu ya shuka, akaniuliza taratibu: "Uliposema yuko nje, ulimwona wapi?"



Kesho yake nilikwenda kwa meneja nikaeleza yote, mbele ya dada mlinzi. Dada yule alirudishwa kazini. Mimi nilipoteza mkataba, na ilikuwa haki. Nilipomwomba radhi dada mlinzi, alisema, "Nilikuamini, Fundi," akaondoka. Nyumbani mke wangu ananipakulia chakula kama zamani, lakini nikisema niko mahali fulani, anapiga simu kuhakikisha.

FUNZO

Mafundi wenzangu, wasafishaji, wapaka rangi, nyote mnaoingia kwenye majengo ya watu: masharti ya getini hayakuwekwa kuwanyanyasa. Kadi ni ya mwenye picha, usimwazime hata nduguye mkeo. Nenda darasani hata kama una miaka ishirini kazini, maana kwenye moshi ujuzi wako haukuonyeshi mlango. Usimwache mwenzako peke yake kwa sababu ya haraka. Kazi ikichelewa, mwambie mwenye kazi imechelewa. Hakuna mkataba wenye thamani ya pumzi za mtu.

Na kama umeshakosea, kama mimi, basi kumbuka kwamba yule mlinzi mwenye daftari hahesabu ili akushitaki. Anahesabu ili ajue nani aokolewe. Akikuuliza mwenzako yuko wapi, mwambie kweli palepale, mbele ya meneja, mbele ya watu wote. Utaaibika, ndiyo. Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja, na sasa kila asubuhi naisikia ikikohoa chumba cha pili.