Mbao Tatu za Darini

Kila Jumamosi Kijiti aliamka kabla ya mama yake, akajaza ndoo mbili bombani, akafagia ua waliotumia pamoja na wapangaji wengine wanne, kisha akabandika chai. Jina la Kijiti alipewa na baba yake kwa sababu ya wembamba wake. Tangu baba afariki dunia mwaka uliopita, hakuna mtu pale nyumbani aliyemwita kwa jina jingine.

Jumamosi hiyo mama alikunywa chai akiwa amesimama. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Vaa viatu. Kuna nyumba ya kuona."

"Nyingine tena, mama?"

"Nyingine tena. Ya saba hii. Nikiikuta nayo ina kasoro, nitalala humohumo mpaka wanifukuze."

Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka. Mafao ya baba yalitosha kununua nyumba moja ya zamani na kubakiza kidogo cha matengenezo. Kila mwezi kodi ya chumba iliyamega. Wakichelewa sana, nyumba wangeisikia tu kwa wenzao.

Njiani waliungana na mjomba, kaka yake mama, fundi seremala mwenye tumbo kubwa na maneno mengi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aliyekuwa akihamia kwa binti yake. Kijiti alimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni, karibuni, msijali vumbi."

Mjomba alizunguka vyumbani. Alifungua bomba, akagonga milango kwa vifundo vya vidole, akaguna. Mama aliketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kope zikimlemea.

Tundu la kupandia darini lilikuwa dogo. Mjomba aliliangalia, kisha akajiangalia.

"Mimi hapo kitapita kichwa, tumbo libaki sebuleni. Kijiti, panda wewe. Shika tochi na bisibisi hii. Choma kila mbao iliyobeba bati. Bisibisi ikizama, mbao imeoza. Ikigoma, ni nzima. Na ukanyage mbao tu, usikanyage dari, utatushukia kama embe."

Huko juu kulikuwa na joto la kukaba koo. Kijiti alitambaa, akachoma mbao moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti ya chini. Mbao arobaini na mbili. Tatu tu ndizo ambazo bisibisi ilizama, zote juu ya jiko, chini ya bati lililotoboka. Nyingine ziligoma kabisa. Zilikuwa nyeusi na zenye kunata, na zilimpaka weusi mpaka kwenye viwiko.

Aliposhuka, mjomba alikuwa peke yake chini ya ngazi.

"Ngapi?" akanong'ona.

"Tatu."

"Sasa sikia. Ukiulizwa, sema zote zimeliwa na mchwa. Bibi atashusha bei, mama yako apumzike. Hebu mtazame alivyochoka."

Kijiti alichungulia sebuleni. Kichwa cha mama kilikuwa kimeinama. Alikuwa amesinzia, mikono bado imeshika mkoba.

Walipoketi wote mezani, bibi aliuliza, "Haya, mjukuu wangu, umeona nini huko?"

"Zimeliwa na mchwa, bibi." Kijiti alijibu. "Zote."

Mjomba akadakia hapohapo. Paa lote lishushwe, mbao mpya zinunuliwe, mafundi walipwe. Akataka theluthi nzima ya bei ipunguzwe. Mama, aliyekuwa ameanza kusinzia tena, alifumbua macho, akamtazama kaka yake.

"Zote?" bibi aliuliza taratibu. "Basi. Sina nguvu za kubishana. Marehemu mume wangu alizipaka oili chafu kila mwaka, hata mwaka ule alipokuwa mgonjwa. Alikuwa akisema mchwa wakila paa hili, basi yeye si fundi. Kumbe walimshinda."

Kisha akaiona mikono ya Kijiti. "Nenda kwenye karo ukanawe, mwanangu. Weka sabuni ya unga na mchanga, hiyo haitoki kwa maji matupu."

Kijiti alisugua. Weusi uliingia chini ya kucha, ukakataa kutoka. Kumbe ndiyo ile oili. Baba yake alikuwa fundi cherehani kiwandani. Sare aliyovaa Kijiti shuleni alimshonea yeye, na pindo lake halikuwa limefumuka hata uzi mmoja. Vipi kama mtu angekuja akasema pindo lile limeoza?

Alirudi mezani mikono ikichuruzika maji.

"Bibi, nimesema uongo. Ni tatu tu, juu ya jiko. Nyingine zote ziligomea bisibisi."

Mjomba alikohoa. Mama akaketi wima.

"Nani alikwambia useme zote?"

"Ni mimi, dada," mjomba alisema. "Nilitaka upumzike."

"Nipumzike juu ya machozi ya mjane mwenzangu?"

Bibi alifuta uso kwa kanga yake, akasimama. "Fundi, acha kukohoa. Njoo nisaidie kusogeza kabati hili."

Nyuma ya kabati kulikuwa na ufa, kutoka sakafuni hadi dirishani.

"Nililisukuma hapa wiki iliyopita," bibi alisema. "Nami nimechoka, wanangu. Nilitaka tu mtu anunue nikalale."

Mama alicheka, kicheko kifupi cha uchovu, na bibi akacheka naye. Ndipo mapatano ya kweli yalipoanza. Mjomba alitoa penseli. Mbao tatu na bati moja: bibi angepunguza gharama hiyo yote kwenye bei. Saruji na nondo za ufa: wangegawana nusu kwa nusu.

"Na ufundi?" bibi aliuliza.

"Ufundi ni bure," mama alijibu. "Fundi analipia uongo wake."

"Dada!"

"Kuanzia Jumatatu."

Pesa zilitosha, ingawa kiasi ambacho kingebaki kilikuwa kidogo. Walipeana mikono.

Waliporudi, mama alitembea polepole. Walipofika kona ya mwisho alisema, "Najua ulinihurumia. Lakini bei ya uongo ingetufuata mle ndani. Kila mvua ikinyesha ungeitazama ile dari ukamkumbuka bibi. Nimechoka, mwanangu, lakini sihitaji kubebwa na uongo. Mtu akisema kweli, na mwenzake hupata nguvu ya kusema yake. Ukitaka kunisaidia, nibebee mkoba."

Kijiti alichukua mkoba. Oili ilibaki chini ya kucha zake hadi katikati ya wiki, naye hakuisugua.