Chumba cha Kupigia Pasi

Nyuma ya kanisa la parokia, ukipita kisima na ukuta wa zahanati, kulikuwa na nyumba ya mfuaji. Watu waliiita hivyo kwa sababu familia hiyo ndiyo iliyofua vitambaa vya altare tangu zamani. Kwanza alifua bibi. Bibi alipofariki, kazi ikaangukia mikononi mwa mke wa mwanawe.

Mwanawe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Walikuwa na binti mdogo ambaye maswali yake hayakuwa na mwisho. Mimba nyingine ilikuwa imeanza kuonekana.

Kila Jumamosi mchana, mama huyo aliingia katika chumba cha uani kupiga pasi. Pasi yake ilikuwa ya mkaa. Kando yake aliweka jiko lenye makaa mekundu, ili pasi ikianza kupoa aongeze mengine.

Bibi alikuwa ameacha sheria moja. Mlango ufungwe, dirisha lifungwe. Kitambaa cha altare kikiwa na vumbi, ni aibu ya ukoo mzima. Bibi akiwa bado hai, malori yalipoanza kupita barabara ya mbele, vumbi lilizidi, na seremala akaona amsaidie mama yake. Akapigilia mbao dirishani. Akaziba nyufa zote kwa matambara.

"Sasa hapa hata mdudu hapiti," alisema, akajisifu kidogo.

Haukupita muda, bibi akaanza kuongea peke yake humo chumbani. Alisema anazungumza na marehemu mumewe. Watu wakasema ni uzee. Kisha, Jumamosi moja ya mvua, akakutwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimelala juu ya kanzu nyeupe ya padri. Alikuwa amefariki. Parokia nzima ikasema ni kifo kizuri, maana amekufa akimtumikia Mungu. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mkwewe alirithi pasi, kigoda na sheria ile.

Siku za kwanza kilimuuma kichwa tu. Akasema ni mimba. Halafu miguu ikaanza kulegea. Halafu akaanza kuhisi mtu amesimama nyuma yake. Akigeuka, haoni kitu. Anaona ukuta, na kanzu za padri zimening'inia, mikono imenyooka chini.

Jumamosi moja alisikia sauti. Ilikuwa laini, karibu kabisa na sikio.

"Mwanangu, umechoka. Keti kidogo."

Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya bibi.

Binti yake akasukuma mlango na kuchungulia. "Mama, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu."

"Umesema, 'Abee, mama.' Nimekusikia."

Mama hakukumbuka kusema neno. Alimtazama mtoto, akatazama kigoda, akakuta ameshaketi. Hakujua ameketi saa ngapi.

Wiki iliyofuata, kuku aliyekuwa akiatamia kwenye pembe ya chumba alikutwa amekufa juu ya mayai yake. Hakuwa na jeraha. Macho yalikuwa wazi.

Usiku huo mama alimweleza mumewe kila kitu. Seremala akasema, "Mama yangu anataka sala. Pengine tumemsahau."

Akaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa. Huyu alikuwa mzee mwenye sauti kubwa, na alipenda kusema kwamba shetani anamfahamu na humkimbia. Jumamosi iliyofuata wanajumuiya wakaja na rozari zao. Wakaingia wote chumbani, wakabanana. Pasi ilikuwa bado ya moto na jiko linawaka, kwa sababu kazi haikuwa imeisha.

"Fungeni mlango," mwenyekiti aliagiza. "Majirani hawana dogo, watapata la kusema."

Wakafunga. Wakasali. Mwanzoni sauti zilikuwa nzuri. Walipofika katikati ya rozari, zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja alijishika kichwa. Mwingine akaanza kulia bila kujua analia nini. Mwenyekiti akasahau maneno ya Salamu Maria, sala aliyoisali maisha yake yote. Kisha mama mmoja mnene akaanguka chini.

"Shetani ametushika!" mtu alipiga kelele.

Mlango ulifunguliwa kwa mabega. Mwenyekiti, yule anayekimbiwa na shetani, alikuwa wa kwanza kufika barabarani, na viatu vyake alivikumbuka siku iliyofuata.

Tangu hapo watu walipita mbali na nyumba ya mfuaji. Watoto walikatazwa kuteka maji kisimani jioni. Seremala akamsihi mkewe aache kazi.

"Na kesho kutwa askofu anakuja kutoa kipaimara," mkewe alijibu. "Altare iwe tupu? Nitamaliza hivi vya mwisho, kisha nitamwambia paroko atafute mtu mwingine."

Lakini kulikuwa na jambo hakumwambia mumewe. Bibi, alipokuwa hai, hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "wewe." Ile sauti ya chumbani ilimtia hofu, na ilimvuta pia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Basi mchana ule aliingia, akafunga mlango kwa komeo ili mtoto asiingie. Mumewe alikuwa uani akipiga randa ubao. Alimsikia mkewe akiongea kwa upole, kama mtu anayejibu. Kisha hakusikia kitu.

Wakati huo huo sista muuguzi wa zahanati ya parokia alikuwa anaingia uani. Yeye ndiye aliyempokea yule mama aliyeanguka kwenye sala, na habari yake haikumtoka kichwani.

"Shikamoo, Sista," seremala alisema.

"Marahaba. Nina swali. Siku ile ya sala, wote mliumwa kichwa?"

"Wote."

"Na mlipotoka nje?"

"Tukapona kidogo kidogo."

"Huyo shetani wenu anaogopa uwanja?" Sista aliuliza. "Mlikuwa na moto humo ndani?"

"Hakukuwa na moto, Sista. Ni jiko tu la mkaa, la kuongezea pasi. Hata moshi halitoi."

Sista aligeuka akatazama dirisha lililopigiliwa mbao. "Mkeo yuko wapi?"

Seremala alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mlango ulikataa. Aliita, akapiga, akaita tena. Ndani kulikuwa kimya. Akachukua nyundo, akazunguka dirishani, akaanza kung'oa mbao. Alikuwa amezipigilia vizuri mno. Misumari ilipiga kelele ikitoka. Ubao wa mwisho ulipoanguka, hewa ya joto ikamgonga uso, na mwanga ukaingia mpaka kwenye kigoda. Mkewe alikuwa ameketi pale, kichwa kimelala juu ya kitambaa cheupe, vilevile kama bibi alivyokutwa.

"Vuta pumzi kwanza, ibane!" Sista alimwambia. "Ingia, mtoe, usikae humo!"

Seremala akaruka ndani, akavuta komeo, akambeba mkewe hadi uani. Sista alimlaza ubavu, akamlegeza nguo, akamsikiliza kifuani. "Anapumua. Zahanati, haraka!"

Zahanatini walimpa hewa ya oksijeni kutoka kwenye mtungi. Muda mrefu hakufumbua macho. Seremala alikaa kwenye benchi, binti yake mapajani. Mtoto naye, safari hii, hakuuliza kitu.

Alipozinduka, mama alishika tumbo kwanza. "Mtoto?"

"Moyo wake nausikia," Sista alisema. "Lakini utakwenda hospitali kubwa leo leo, wakakupime vizuri. Sumu hii humwumiza mtoto aliye tumboni kuliko mama mwenyewe."

"Sumu gani?" seremala aliuliza.

Sista akavuta kiti. "Sikilizeni vizuri, mkawaambie na wengine. Mkaa ukiwaka hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Mkaa ukiwa mwekundu kabisa, hauna moshi, watu hudhani ni salama. Si salama. Chumba kikifungwa, sumu hujaa, na unaivuta bila kujua. Inashika damu mahali pa hewa nzuri."

"Na ile sauti?"

"Ubongo ukikosa hewa nzuri huchanganyikiwa. Kwanza kichwa huuma. Unapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaishiwa nguvu. Wengine huona watu au husikia sauti. Mwisho ni usingizi, na usingizi huo huua."

"Tulikuwa tunaweka beseni la maji kando ya jiko," mama alisema kwa sauti ndogo. "Bibi alisema maji hunywa ubaya wa moto."

"Maji hayasaidii. Na dirisha dogo halitoshi. Mkaa uwashwe nje, na pasi ipigwe nje au barazani penye upepo. Usilale na jiko ndani, hata kuwe na baridi gani. Mkiona watu wengi nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, tokeni wote, kisha njooni zahanati."

Seremala alikuwa anatazama mikono yake.

"Sista," alisema. "Mama yangu alianza kuongea na marehemu baba baada ya mimi kuziba dirisha. Kabla ya hapo alikuwa mzima."

Mkewe alinyoosha mkono akamshika.

"Mimi ndiye niliyemuua."

"Hukujua," Sista alisema. "Ulitaka kumsaidia. Siwezi kukuambia hukuziba dirisha, uliziba. Lakini hukujua. Sasa unajua, na kuna watu mtaani humu bado hawajui."

Kwa siku kadhaa seremala hakula vizuri. Kisha akashika nyundo. Alivunja ukuta wa barazani akapanua nafasi, akatengeneza meza ndefu ya kupigia pasi, na juu yake akatundika shuka safi kuzuia vumbi. Paroko alipofika kuona, alisema, "Vumbi likiingia, nitalipangusa mwenyewe. Mungu hakuomba mtu azibwe ndani."

Mimba ilifika mwisho wake salama. Alizaliwa mtoto wa kiume, mwenye kilio cha kusikika mpaka sakristia. Ile sauti ya chumbani haikurudi tena. Siku moja mama alimwambia Sista ukweli: kuna nyakati analikumbuka neno moja tu, mwanangu, na machozi yanamtoka.

"Lia," Sista alimwambia. "Lakini lilia nje, penye hewa."

Msimu wa baridi ulipokaribia, paroko aliwaomba wanajumuiya wapite nyumba kwa nyumba kueleza habari ya mkaa. Mwenyekiti alieleza kwa sauti yake kubwa, na wengi walicheka tu. Tumezaliwa na majiko haya, walisema.

Katika nyumba moja, mwanamke alikuwa anapika kwa jiko la mkaa katika chumba kimoja na wanawe, mlango umerudishiwa, dirisha limefunikwa gunia. Alimsikiliza mwenyekiti mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa adabu.

"Asanteni. Lakini kuna aliyewahi kumwona mtu amekufa kwa jiko?"

Seremala, ambaye siku zote alisimama nyuma akishika nyundo ya kufungulia madirisha yaliyozibwa, akasogea mbele. Jambo hili hakuwahi kulisema mbele ya watu.

"Mimi," alisema. "Ni mama yangu. Na dirisha nililiziba mimi."

Mwanamke alimtazama machoni. Kisha aliinua jiko kwa vishikio vyake, akalitoa nje, akarudi akalivuta lile gunia mpaka likachanika.