Jiwe Lililogoma Kuwa Jeusi

Jiwe lile lilipaswa kuwa jeusi zamani. Katika vilima vya Tanba, huko Japani, kila mtu anajua: ukilivunja shimoni lina rangi ya waridi, ya nyama mbichi hasa, ukilitoa nje kwenye mwanga linafifia, linakuwa kahawia, halafu jeusi tii kama masizi ya sufuria. Lakini hili la Gensaku, lililokutwa mkononi mwake siku dari la mgodi lilipomwangukia, limekaa mbele ya picha yake kwenye madhabahu ya nyumbani tangu mazishi, na asubuhi hiyo Fusae, mjane wake, alipokuja kubadilisha chai anayowekewa marehemu, alilikuta jekundu kuliko jana. Tena lilikuwa na unyevu.

"Jiwe la balaa," alisema, akafyonya.

Alikuwa na haki ya kulichukia. Profesa mmoja wa Kyoto aliwahi kuja akalishika kama yai, akasema ni manganizi, madini yaleyale yanayochimbwa pale, iliyoshikana na kitu kilekile kinachotengeneza kioo, adimu mno, milima inayolizaa duniani ni ya kutafuta. Akajaza begi, akaenda zake. Wachimbaji wakabaki wanacheka. Adimu kitu gani! Linavunja patasi, na kiwanda hakilitaki, maana hata tanuruni manganizi yake haikubali kutoka. Gensaku alikuwa akifuata mkanda mzuri wa madini, akakutana na ukuta wa waridi, akapandwa na hasira, akagonga, akagonga, mpaka mlima ukamshukia.

Adhuhuri, mvua ikinyesha, mlio ukaanza tena chini ya sakafu. Ko. Ko. Ko. Nyundo juu ya patasi. Na ile harufu ya taa za wachimbaji, inayofanana na kitunguu saumu kilichooza, ikapanda kupitia mikeka.

"Unasikia?" alinong'ona mama mkwe wake, Bibi Tatsu. Alikuwa amelaza sikio sakafuni, wali wake umepoa pembeni. "Mwanangu anachimba. Hajui kama amekufa. Anatafuta nyumbani."

"Mama, kula kwanza."

"Nitakula naye."

Hilo ndilo lililomchoma Fusae moyo. Bibi alikuwa amekwisha, mifupa mitupu, na akiendelea kumngoja mwanawe hivi asingeumaliza msimu wa mvua.

Sababu Fusae aliijua, au alidhani anaijua. Mchimbaji akifia shimoni, wanaombeba humwita jina njia nzima na kumwambia walipofika: hapa kona, hapa ngazi, sasa tunatoka. Wasipomwita, roho hubaki chini ikiendelea na kazi. Waliombeba Gensaku waliongozwa na Yokichi, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Fusae alikuwa amemfuata Yokichi hadi amechoka. Msimamizi wa mgodi alimcheka. Kasisi alisoma dua zake, akanywa chai, akaondoka, na nyundo ikaendelea.

"Shemeji, tulimwita," Yokichi alisema tena jioni hiyo, akitazama viatu vyake.

"Niangalie usoni useme hivyo."

Hakumwangalia.

"Rudini mkamwite upya! Mama anakufa huku!"

"Shimo lile alilofia hatuingii tena."

"Kwenye pombe mnaingia mpaka shingoni, shimoni kwa mwenzenu hamuingii. Wanaume gani nyie?"

"Nitukane utakavyo," alijibu chinichini. "Ila na wewe usiende. Nakusihi."

Fusae alilia kwa hasira. Kila mlango aliobisha ulikuwa ukuta.

Akangoja sikukuu ya mwenye mlima, mungu anayeumiliki. Siku hiyo hakuna anayekanyaga mgodini, kwa kuwa mwenyewe huwa anazungukia mali yake. Na mwanamke haingii siku yoyote, maana mwenye mlima ni mwanamke, tena ana wivu. Wanaume wote walikuwa kwenye madhabahu ya kijiji wakinywa. "Na aone wivu basi," Fusae akasema, akachukua taa ya mumewe.

Akaingia, akashuka ngazi, akapita kona, maji yakimdondokea shingoni, mpaka taa ikaangaza ule ukuta, wa waridi kutoka juu hadi chini, umelowa, unang'aa kama ufizi, akamwita mumewe, akasikiliza, akamwita tena, na kutoka ndani kabisa ya jiwe, kwa sauti aliyolala nayo miaka yote ya ndoa, akajibiwa:

"Naam."

"Gensaku, twende. Hapa kona. Inama."

"Naam."

"Hapa ngazi. Tunapanda."

"Naam."

Hakuthubutu kugeuka; alisikia tu hatua nzito nyuma yake zikikanyaga alipokanyaga, na pumzi baridi ikimpiga kisogoni, njia nzima, kupita daraja, kupita mashamba ya mpunga, akitaja kila mahali walipofika, mpaka mlangoni pake.

"Tumefika. Ingia, mama anakungoja."

Mlango ukateleza wenyewe, hatua zikampita zikaingia, ukajifunga. Ndani Bibi Tatsu akapiga kelele ya furaha: "Mwanangu!"

Fusae akaketi kizingitini, akalia, mara hii kwa nafuu. Ndipo Yokichi, aliyemsikia akipita darajani, akaja mbio, jasho linamtoka.

"Umemwita?"

"Nimefanya kazi yenu."

Yokichi akashika kichwa. "Shemeji, Gensaku tulimwita! Haki ya nani tulimwita. Akaitika palepale kwenye machela, akatoka nasi. Lakini kila alipoitika, nyuma yetu, ukutani, kitu kingine kiliitika vilevile. Kilikuwa kinajifunza sauti yake. Tukakimbia, tukaapa tusiseme. Ni jini la mlima lile. Linachimba kutafuta watu, likifuata kile kipande chake kibichi mlichoweka madhabahuni, ila njia lilikuwa haliijui."

Fusae akaurukia mlango. Haukusogea. Akaupiga kwa ngumi, akiita, "Mama! Toka nje, mama!" Ndani mikeka ilikuwa ikifunuliwa, mbao zikang'olewa moja baada ya nyingine, taratibu, bila haraka. Kisha sauti ya Gensaku, ya upole kabisa:

"Mama, hapa ngazi. Inama. Sasa tunashuka."

"Naam, mwanangu," akajibu Bibi Tatsu, na sauti yake ilikuwa tayari chini ya sakafu.